Wazee, Majalada, Picha au Ramani: Uanzie Wapi Kuchunguza Historia ya Jamii Yako

Kikundi cha watu kinapoamua kuchunguza historia ya mahali kinapoishi, swali la kwanza huwa la kawaida kabisa: Jumamosi ijayo twende wapi? Wapo watakaosema tuwawahi wazee wangali hai. Wapo watakaosema tuanze na hifadhi ya nyaraka kwa kuwa maandishi hayasahau. Wengine watataka wakazi waalikwe walete picha zao za zamani, na hakosekani mmoja, mara nyingi kijana, atakayependekeza tushike ramani tutembee. Nimefanya kazi kwa njia zote nne, na ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya mtu asiye na muda wala watu wa kuzifanya zote kwa pamoja, ambaye kwa hiyo hana budi kuchagua ya kuanzia.

Nitamke msimamo wangu mapema ili msomaji aupime njiani: anza na masimulizi ya wazee, lakini usiende mikono mitupu. Siku moja au mbili za kusoma nyaraka kabla ya mahojiano ya kwanza hubadili kabisa maswali utakayouliza. Zipo hali ambazo ushauri huu haufai, nami nitazitaja.

Kazi ya aina hii ina mizizi mirefu. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wakati waliovishuhudia walikuwa wamekwisha kuwa wakongwe. Nchini Uingereza, katika miaka hiyo hiyo, mwanahistoria Raphael Samuel wa Chuo cha Ruskin, Oxford, aliwahimiza wanafunzi wake, wengi wao wakiwa wametoka viwandani na migodini, waandike historia ya kazi walizozijua wenyewe. Mwaka 1978 mwandishi Sven Lindqvist wa Sweden aliwaambia wafanyakazi wachimbe historia mahali waliposimama, kwa hoja kwamba anayeifanya kazi anaijua kuliko mtafiti anayetoka nje. Jina ambalo kazi hii huitwa mara nyingi, historia ya umma, lilienea kutoka Santa Barbara, Marekani, ambako mwanahistoria Robert Kelley alisaidia kuanzisha mafunzo ya kuwaandaa wanahistoria kufanya kazi nje ya darasa mwaka 1976. Kinachoziunganisha juhudi hizi ni kwamba wenye historia wanashiriki kuitengeneza, na kwa sababu hiyo kuchagua njia ya kuanzia ni kuchagua pia ni nani atakayeshiriki tangu mwanzo.

Kipi kitapotea kwanza?

Hiki ndicho kipimo ninachokitanguliza. Jalada lililohifadhiwa ndani ya sanduku, katika chumba kikavu chenye mtunzaji, litakuwepo miaka kumi ijayo. Mzee wa miaka 85 huenda asiwepo mwaka ujao, au akawepo bila kumbukumbu zake. Kwa kipimo hiki masimulizi yanatangulia, na sioni hoja ya kitaalamu inayoweza kuipiku.

Hata hivyo kuna karatasi ambazo ziko hatarini kuliko wazee. Sizungumzii zile zilizokwisha kufika katika hifadhi ya taifa, bali zile zilizobaki mikononi mwa taasisi ndogo: rejesta ya wanafunzi wa shule ya msingi, mihtasari ya mikutano ya chama cha ushirika, daftari la mazishi, kitabu cha wanachama wa timu iliyokwisha kuvunjika. Hizi hukaa kabatini chini ya paa linalovuja, zikimsubiri kiongozi mpya atakayetaka chumba kisafishwe. Ukijua kwamba karatasi za namna hiyo zipo, na kwamba ofisi inahama au jengo linabomolewa, geuza mpango wako: nenda na kamera, omba ruhusa kwa maandishi, piga picha kila ukurasa pamoja na jalada la nje, kisha urudi kwa wazee. Ushauri wangu wa mwanzo haufai katika hali hiyo.

Kila njia inajibu swali gani?

Nyaraka hujibu vizuri swali la nini kiliamuliwa, lini, na kwa fedha za nani. Tatizo la wanaoanza ni kwamba huingia katika hifadhi ya nyaraka wakitafuta mada, ilhali nyaraka hazikupangwa kwa mada. Kanuni iliyowekwa wazi katika mwongozo wa watunza nyaraka wa Uholanzi wa mwaka 1898, na ambayo hifadhi nyingi duniani huifuata, ni kuyaacha majalada chini ya jina la ofisi iliyoyatengeneza na kwa mpangilio ilioutumia ofisi hiyo. Kwa hiyo ukitaka habari za kisima cha kijiji usitafute neno kisima. Jiulize nani alitoa kibali cha kuchimba, nani alilipa mafundi, nani alipokea malalamiko maji yalipokatika, kisha uombe majalada ya ofisi hizo. Mtu aliyeielewa kanuni hii hupata kwa siku moja kile ambacho mwingine hukikosa kwa wiki nzima, na mtunza nyaraka akisikia umeuliza kwa namna hiyo hukusaidia kwa moyo zaidi.

Fahamu pia kwamba si kila kitu kiko wazi. Katika nchi nyingi majalada ya serikali hufungwa kwa miaka 30, na Uingereza ilianza mwaka 2013 kuupunguza muda huo kufikia 20. Orodha za sensa zenye majina hufungwa zaidi: Marekani husubiri miaka 72, ndiyo maana sensa ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Ikiwa historia unayoitafuta ni ya miongo miwili iliyopita, huenda ukaona nyaraka chache mno, na hapo masimulizi na picha ndiyo njia pekee ya maana.

Masimulizi hujibu maswali ambayo hakuna afisa aliyewahi kuyaandika. Yanaeleza watu waliishije na uamuzi huo, walimwogopa nani, njia ya kwenda shuleni ilipita wapi, kwa nini familia fulani haikuuza shamba. Niliwahi kusoma muhtasari wa mkutano mmoja ambao jambo zito la ardhi lilimalizwa kwa sentensi moja: mkutano ulikubali. Wazee watatu waliokuwepo, niliowahoji kila mmoja peke yake, walikumbuka mabishano ya siku kadhaa, wanawake waliokataa kukaa, na kura ambayo haikuhesabiwa mbele ya watu. Sentensi ile haikuwa uongo. Aliyeiandika alikuwa akimwandikia mkubwa wake, na mkubwa wake alitaka kujua matokeo tu.

Njia hizi hukosea wapi?

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mgumu, kwa sababu kila njia hukosea kwa namna yake, na anayechagua njia anachagua pia makosa atakayopambana nayo.

Kosa la masimulizi linalozungumzwa sana ni la tarehe. Mfano unaonifundisha kila ninapoukumbuka ni wa mji wa Terni, Italia, ambako kijana mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, Luigi Trastulli, aliuawa na polisi tarehe 17 Machi 1949 katika maandamano ya kupinga nchi hiyo kujiunga na muungano wa kijeshi wa NATO. Mtafiti wa masimulizi Alessandro Portelli alipowahoji watu wa mji huo miaka mingi baadaye, wengi walikiweka kifo hicho mwaka 1953, wakati wa ghasia zilizofuata kuachishwa kazi kwa wafanyakazi wengi wa kiwanda hicho. Mtu wa haraka angesema ushahidi wao haufai. Portelli aliuliza kwa nini wamekosea kwa pamoja na kuelekea upande mmoja, akaona kwamba katika kumbukumbu ya mji huo kifo cha mwenzao kilihitaji sababu kubwa inayolingana nacho, nayo ilikuwa vita vyao vya kutetea ajira. Jalada lilitunza tarehe, watu wakatunza maana. Mwenye moja tu kati ya hayo mawili hajaielewa Terni.

Kosa la pili la masimulizi halitajwi sana, nami naliona kuwa zito zaidi: msimulizi hubadili habari kulingana na anayemsikiliza. Kati ya 1936 na 1938 mradi wa serikali ya Marekani ulikusanya masimulizi zaidi ya 2,300 ya watu waliowahi kuwa watumwa. Wahojaji wengi walikuwa Wazungu, katika nchi iliyokuwa bado na ubaguzi wa kisheria. Mwanamke mmoja wa Charleston, Susan Hamlin, alihojiwa mara mbili. Kwa mhojaji Mzungu alimsifu bwana wake wa zamani kuwa mtu mwema. Kwa mhojaji mweusi alisimulia mapigo, na familia zilizotenganishwa kwa kuuzwa. Mtu ni yule yule na maisha ni yale yale. Kwa kikundi kinachoanza, somo ni la moja kwa moja: amueni kwa makini nani atamhoji nani. Mtoto wa mwenye nyumba asitumwe kuwahoji wapangaji, wala kiongozi wa mtaa asikae chumbani wakati historia ya uongozi inapozungumzwa.

Nyaraka nazo zina kosa lake, na ni gumu kuliona kwa sababu zinaonekana tulivu. Zimejaa wale waliomiliki, waliotawala, walioshtakiwa na waliolipa kodi. Vibarua, wanawake waliofanya biashara bila leseni, watoto, wageni waliokaa miaka miwili wakaondoka, hawa huonekana pale tu walipogongana na mamlaka. Ukianza na majalada ukaishia na majalada, utaandika historia ya ofisi zilizowahi kuwa juu ya jamii yako, na jamii yenyewe itasubiri.

Picha, vitu vya nyumbani, na kutembea

Siku ya kukusanya picha ni njia ninayoipendekeza kwa kikundi ambacho bado hakiaminiki. Wakazi huja na picha zao, zinaskaniwa palepale, nao huondoka na picha zao mkononi. Chuo Kikuu cha Massachusetts Boston kimekuwa kikifanya siku za namna hii katika miji mbalimbali ya jimbo hilo tangu 2004, na utaratibu wake unaigika kwa urahisi: meza ya kupokea, meza ya kuskani, na kiti kimoja ambapo mwenye picha anaeleza nani ni nani. Kiti hicho ndicho muhimu kuliko vyote. Picha isiyo na maelezo ni nyuso tu, na baada ya kizazi kimoja hakuna atakayeweza kuzipa majina. Kamwe usiazime picha halisi uende nayo nyumbani. Hata ukiirudisha salama, wiki utakayokaa nayo mwenyewe ataihesabu, na watu wawili wengine watasita kuleta zao.

Kuna picha moja ya ufunguzi wa daraja ambayo siwezi kuisahau. Jalada lilitaja maafisa watano waliosimama mbele, kila mmoja na cheo chake. Nilimwekea bibi mmoja nakala mapajani. Kidole gumba chake kilipita juu ya maafisa wote bila kusimama, kikaenda hadi ukingo wa kulia, mahali ambapo fremu ilikuwa imemkata mtu ukabaki mkono tu, umeshika ndoo. Akasema, “Huu mkono naujua,” akataja jina, kisha akaeleza kwa muda mrefu jinsi wanawake walivyobeba maji ya kukorogea saruji tangu alfajiri, kazi ambayo haikuandikwa mahali popote kwa kuwa haikulipwa. Nilikuwa nimeiangalia picha ile kwa wiki mbili na mkono ule sikuuona.

Kutembea na ramani ni njia nafuu kuliko zote, lakini peke yake haitoshi: huonyesha kilichobaki, na kilichobaki mara nyingi ni kile kilichojengwa kwa mawe na wenye uwezo. Thamani yake hupanda unapotembea na msimulizi, kwa sababu miguu hukumbusha mambo ambayo kiti hakikumbushi. Jumba la makumbusho la District Six mjini Cape Town lilifanya jambo hilo chini ya paa. Eneo hilo lilitangazwa kuwa la Wazungu mwaka 1966, na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa, nyumba zao zikabomolewa. Jumba lilipofunguliwa mwaka 1994, ramani kubwa ya mitaa ilitandazwa sakafuni, na waliohamishwa wakainama kuandika majina yao pale nyumba zao zilipokuwa. Ikiwa mahali unapopachunguza pamebomolewa, ramani ya aina hiyo, hata ya karatasi zilizounganishwa kwa gundi, itakupa zaidi ya matembezi yoyote.

Makaburini nina angalizo moja: usisugue mawe yaliyochakaa wala kuyapaka chaki ili maandishi yasomeke. Mwanga wa jua unaorudishwa kwa kioo ukielekezwa kutoka pembeni huonyesha herufi kwa vivuli vyake bila kuliharibu jiwe.

Muda na vifaa

Watu huyaona masimulizi kuwa njia nyepesi kwa sababu kuzungumza ni kwepesi. Saa moja ya sauti huhitaji saa tano au sita za kuinukuu neno kwa neno, na zaidi ya hapo ikiwa wasemaji wanaingiliana au lugha zinachanganyika. Wazee kumi kwa saa mbili kila mmoja ni saa 100 au zaidi za kunukuu. Mtu asiye na saa hizo aandae angalau fahirisi ya kila rekodi, inayoonyesha jambo gani lilizungumzwa dakika ya ngapi. Rekodi isiyo na fahirisi haisikilizwi na mtu, na nimeona makusanyo mazuri yakifa kwa njia hiyo huku sauti zenyewe zikiwa nzima.

Upande wa vifaa tofauti si kubwa. Simu nzuri hurekodi sauti inayofaa ikiwekwa karibu na msimulizi, feni ikizimwa na dirisha la barabarani likifungwa. Ukiweza, hifadhi sauti bila kuibana, yaani bila kupunguza ukubwa wa faili. Saa moja ya sauti ya stirio kwa kiwango cha ubora cha biti 24 na kilohezi 48 huchukua takriban gigabaiti moja. Picha ndogo ziskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, na nyuma ya picha halisi, mwenyewe akiruhusu, andika kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu ya wino. Kila faili iwe na nakala tatu, katika vyombo viwili vya aina tofauti, na moja ikae jengo jingine. Katika hifadhi ya nyaraka utahitaji penseli, mikono safi na mikavu, na subira, maana majalada huletwa machache kwa wakati.

Kuhusu maswali, jambo moja lililonigharimu mahojiano kadhaa kabla sijalielewa: usimuulize mzee mwaka. Muulize ilikuwa kabla au baada ya mtoto wake wa kwanza kuzaliwa, kabla au baada ya shule kujengwa. Tukio lenye tarehe inayojulikana, ulilolikuta katika nyaraka, hugeuka kigingi cha kufungia habari nyingine zote. Hii ndiyo sababu ya siku zile mbili za nyaraka nilizozitaja mwanzoni.

Ridhaa na hatari

Kwa kipimo cha madhara, nyaraka za zamani ndizo salama zaidi, na masimulizi ndiyo yenye hatari kubwa. Chuo cha Boston, nchini Marekani, kilirekodi kati ya 2001 na 2006 masimulizi ya waliokuwa wapiganaji wa pande hasimu za Ireland Kaskazini, wakiahidiwa kwamba maneno yao yatabaki siri hadi watakapokufa. Mwaka 2011 mamlaka za Uingereza ziliomba rekodi hizo kupitia serikali ya Marekani, na baadhi yake zikaishia mikononi mwa polisi kwa amri ya mahakama. Usimwahidi mtu usiri ambao sheria haikupi uwezo wa kuulinda. Akianza kusimulia kosa la jinai, zima kinasa sauti, umweleze hali ilivyo, kisha umwachie aamue.

Ridhaa iandikwe, na ieleze kwa lugha ya msimulizi rekodi itakaa wapi, nani ataisikia, na kwamba anaweza kuomba sehemu fulani ifungwe. Kuridhia sauti isikike katika mkutano wa kijiji hakumaanishi kuridhia iwekwe kwenye intaneti. Uliza mambo hayo mawili kwa maswali mawili.

Kwa hali yako, basi

Kama mna wazee wa kutosha na watu wawili walio tayari kunukuu, anzeni na masimulizi baada ya siku mbili za nyaraka. Hata wanne waliohojiwa vizuri, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisikilizwa zaidi ya mara moja, watatosha kwa mwaka wa kwanza. Ninawaona hao kuwa bora kuliko ishirini waliopitiwa mbio. Kama kikundi ni kipya na watu wanauliza mnatumwa na nani, anzeni na siku ya picha, kwani inawapa wakazi kitu siku hiyo hiyo, na kutoka kwenye kiti cha maelezo mtawajua wasimulizi wa baadaye. Kama mgogoro wa ardhi au wa uongozi ungali moto, anzeni na nyaraka, taratibu, bila kutangaza hitimisho, maana mahojiano ya mapema yatageuka ushahidi wa upande mmoja na jina la kikundi litaungua kabla kazi haijaanza. Kama uko peke yako, chukua msimulizi mmoja na jalada moja vinavyohusu jambo moja.

Vyovyote utakavyochagua, tenga siku ya kurudi na unukuzi uliochapwa kwa herufi kubwa, uusome na msimulizi. Bibi wa picha ya daraja alinisahihisha mara tisa. Nane zilikuwa tahajia za majina, na ya tisa ilikuwa mahali nilipoandika kwamba wanawake walisaidia kujenga. Aliomba nifute neno walisaidia, niandike walijenga.